Swaumu za Nadhiri

Ole, Pemba
Alhamisi asubuhi

Dada yangu mpenzi Nadhira,

Assalaamu alaykum, na shikamoo. Hujambo huko Unguja? Watoto je, na kikohozi cha shemeji kimepoa? Simu yako mbovu imenirudisha kwenye kalamu. Jirani yetu Safaa anapanda boti leo, atakupa hii mkononi. Sisi hatujambo, na safari hii sikudanganyi.

Unajua nilivyokuwa. Miaka thelathini na minane, mikono hainyanyuki hata kuanika kanga, nywele nachanwa na mwanangu Arwa. Watu wakanong'ona: huyo Mama yake mtupu, naye alizeeka hivi hivi akafa kabla ya uzee. Basi na mimi kama Mama nikaweka nadhiri, nifunge Jumatatu na Alhamisi, Mungu aniondolee. Nikifunga nalegea, nikilegea naongeza siku.

Mume wangu Yussuf hakustahamili, akanipeleka hospitali, damu ikapelekwa Dar es Salaam. Daktari, Bi Thuraiya, akanieleza kwamba mwilini mna vinu vidogo mno, mitokondria, vinavyogeuza chakula kuwa nguvu, na vimeng'enya ndivyo vinavyoviendesha. Kwa kila mtu vinu hivyo huchoka uzeeni. Vyangu vina kimeng'enya dhaifu tangu kuzaliwa, kile cha kuchoma mafuta, na mtu akikaa na njaa mwili hutegemea mafuta hayo. Nikamuuliza, basi kufunga kwangu? Akasema kulikuwa kunanimaliza. Wallahi nililia kwa furaha, dada. Si uzee, si husda ya mtu! Akanipa vidonge vya vitamini B2 vya kukipa nguvu kimeng'enya hicho, akanikataza njaa. Shehe Abdulnasir naye kasema nile, nilishe masikini kwa ile nadhiri.

Jana nimeanika kanga zote mwenyewe, nikachambua karafuu mpaka nikafukuzwa jamvini.

Sasa nicheke. Nilimshikilia Yussuf aoe mke wa pili, asikose wa kumpikia. Kila nikimuuliza, ananambia posa imeshakwenda kwa watu huko Jadida. Kumbe hakuipeleka hata siku moja, mwongo yule! Nimemsamehe.

Lakini kubwa ni hili. Daktari hawezi kuapia habari ya Mama, ila anadhani alikuwa na maradhi haya haya, na sisi wa tumbo moja huenda tukawa nayo sote. Ulinambia magoti yanakuishia ngazini, na kwamba wafunga kwa ajili yangu. Kapime, tafadhali.

Yussuf na Arwa wanakusalimu sana. Na kama hivi usomavyo umefunga, dada yangu, fungua sasa hivi. Ulichoniombea nimeshakipata.

Ni mimi mdogo wako,
Rahila