Jicho Moja, Majibu Mawili

Jumatatu, 5 Juni 2006. Bungoma
Chai, mandazi mawili, halafu picha. Tuko tisa kwenye semina, wote matabibu wa macho. Unatazama picha ya mshipa wa kuona, ule wa nyuma ya jicho, unaandika: glakoma, ugonjwa unaoula mshipa huo polepole, au mzima. Picha zimetoka kliniki zetu wenyewe, lakini hakuna jina, namba tu. Nimemaliza wa kwanza. Miaka kumi na miwili natibu macho Kitale, bana, hizi ni nini? Wengine bado walikuwa wanakuna vichwa.

Jumanne, 6 Juni
Namba 17 niliijua papo hapo. Niliipiga mwenyewe, kamera yetu ya Kitale ina alama ya vumbi pembeni. Jicho la kushoto la Mama Wangari, fundi wa nguo kule Tuwan, jirani yangu. Alikuja mwezi wa tatu, analalamika ati anagonga kichwa kwa milango. Presha ya jicho ilikuwa sawa. Nilimwambia ni uchovu. Nikaandika: mzima. Sikumaliza hata nusu dakika.

Alhamisi, 8 Juni
Mvua tangu asubuhi. Picha za leo ngumu. Namba 52 imenikalisha. Shimo la katikati ya mshipa limepanuka, ukingo wa chini umeliwa. Glakoma, sina shaka. Nilimwonea huruma mwenye jicho hilo.

Ijumaa, 9 Juni
Nina aibu. Daktari Achieng', mwalimu wetu, alikuwa amerudia picha kadhaa bila kutuambia. Alizigeuza, kushoto ikawa kulia, akafuta alama zote. Namba 17 na 52 ni jicho moja. La Mama Wangari.

Nilingoja anicheke. Alisema tu, "Si wewe peke yako. Hata mimi hujipinga. Lakini 17 uliiandika haraka. Kwa nini?"

Jumanne nilimtazama jirani yangu niliyeshamwambia yuko sawa. Alhamisi nilitazama mshipa.

Miezi mitatu bila dawa. Glakoma ikichukua hairudishi. Ugali umenishinda.

Jumamosi, 10 Juni. Kitale
Nilienda Tuwan moja kwa moja. Nilimkuta kwa cherehani. Nikamwambia yote, bila kuzungukazunguka.

"Si wewe ulisema niko sawa, daktari?"

Nilikiri kwamba nilisema. Nilikosea.

Alisimamisha cherehani. Kisha akauliza, "Na kushona nitashona?"

Nikamwambia sijui. Sijawahi kuchukia neno hivyo.

Jumatatu, 12 Juni
Nimempeleka Bungoma kwenye mashine ya kupima upeo wa kuona. Unatazama mbele, ukiona taa ndogo pembeni unabonyeza. Mama wa watu alibonyeza kama anayeita askari! Nami nimesimama nyuma yake, jasho linanitoka.

Jicho la kushoto limepoteza kipande cha juu cha kuona. Kidogo. Ndiyo maana ya ile milango. Katikati ni safi. La kulia zima. Daktari Achieng' amesema tumewahi. Nilitoka nje nikalia, sijali nani aliniona. Dawa ya matone imeanza leo.

Jumatano, 9 Agosti
Presha ya jicho haikuwa juu, lakini matone yameishusha zaidi, na hilo ndilo humlinda. Matone yanamwasha, analalamika kila siku kwenye ua. Alalamike tu, mradi aweke. Siku hizi nafunika jina kwa karatasi kabla ya kutazama picha yoyote. Wenzangu wananitania ati naficha majibu ya mtihani. Wacheke.

Alhamisi, 23 Novemba
Kliniki imejaa leo. Nilipewa picha za marudio, ya zamani na mpya, majina yamefunikwa. Nilikaa na jozi moja muda mrefu. Shimo lile lile. Ukingo ule ule. Nikaandika: haujabadilika. Nikaondoa karatasi. Mama Wangari.

Nilitoka kumwita kwenye benchi. Nilipomwambia jicho halijazidi kuharibika, alinishika mkono. Kisha akasimama. Ati nisimcheleweshe, ana nguo za watoto za kumaliza kabla ya Krismasi.