Televisheni ya Mkwe Ina Chumba, Mama Yangu Hana

Anti Ikupa, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimefura, kwa hiyo unisamehe nikiruka huku na huku. Naishi Bariadi na mume wangu Mayunga, na baba yake alipofariki kule Sola ndugu waligawana ng'ombe na mashamba ya pamba, sisi tukaletewa televisheni yake, ile ya chogo ya zamani iliyo ndani ya kabati la mbao lenye miguu na milango ya kufunga kwa ufunguo, ambayo mzee aliinunua enzi pamba inalipa, akawa anaiwasha kwa betri ya gari na kijiji kizima kinajaa uani kutazama mpira. Leo ukiiwasha inaunguruma tu, halafu inatoa harufu ya kuungua, na mafundi wote wa mjini wamesema kioo kimekufa na hakipatikani tena.

Sasa Anti, hilo dude limejaa kwenye chumba chetu cha pili pamoja na mabetri yake, na mama yangu mzazi, Nyanjige, yuko Kimali ana kisukari na kidonda mguuni kinachotakiwa kusafishwa hospitali mara kwa mara, na mvua ikinyesha njia ya kule haipitiki, lakini kila nikisema nimlete, Mayunga ananijibu, "Tutamlaza wapi? Chumba kimejaa." Nikamwomba shemeji yangu Luhaga wa Lamadi aichukue, maana ndiye aliyelia kuliko wote msibani, akasema kwake kuna unyevu wa ziwa, itaharibika. Itaharibika! Nikaita wanunua vyuma chakavu, mume wangu akawafukuza, "Mnataka kumpima baba yangu kwenye mizani?"

Basi kwenye mavuno ya kanisani, watu wanapopeleka magunia ya mahindi na kuku ili vinadiwe baada ya misa, mimi nikakodi guta nikaipeleka televisheni, nikijua ikishanunuliwa hakuna wa kuirudisha. Anti, ilipotajwa tu Mayunga alisimama akataja bei kubwa kabla mtu hajafungua mdomo, kina mama wakapiga vigelegele, katekista akasema huyu ndiye mtoto anayemheshimu baba yake. Jioni ilikuwa imerudi chumbani, tena ameifunika kitambaa alichonifumia mama yangu nilipoolewa. Wiki iliyofuata mama alikuja hospitali, akalala kwenye mkeka sebuleni na mguu wake ule, asubuhi akaniambia, "Ng'wanone, mwanangu, nirudishe tu Kimali, hapa kwenu mmeshajaa." Nikamrudisha. Nitafutie shule, jumba la makumbusho, mtu yeyote wa kuipokea, nimechoka kuichukia.

Mama Joyness, Bariadi

*Anti Ikupa anajibu:*

Marahaba, Mama Joyness. Pole sana, ila nitakugombeza kwanza. Kitu kilichowashinda mafundi wote wa mjini wewe ukaenda kumtolea Mungu sadaka? Na mali ya marehemu unaitoaje nyumbani bila ndugu kukaa? Umeolewa Usukumani, unajua. Ulimpa mumeo jukwaa la bure, akapanda, akashangiliwa.

Haya, hilo limekwisha. Makumbusho sikutafutii, kwa sababu hata ingeondoka kesho, keshokutwa chumba kingejaa magunia ya mashudu. Mayunga hataki kumuuguza mama mkwe, na hana ujasiri wa kukwambia hivyo usoni, basi anajificha nyuma ya kabati la marehemu. Nawe umekuwa ukigombana na kabati.

Anayempenda baba yake kiasi hicho amweke mahali pa heshima. Ihamishie chumbani kwenu, upande wake wa kitanda, na mabetri yake yote. Usiifiche, usiivunje, usiiuze. Kisha mwite shangazi yake, dada wa marehemu, huyo mnayemwita sengi, maana mbele yake mumeo hatapandisha sauti, na Luhaga naye aje aache visingizio vya unyevu. Wakishakaa, usitaje televisheni hata kidogo. Uliza swali moja tu: "Mama yangu analala wapi?" Halafu nyamaza. Usimsaidie mumeo kujibu.

Lakini usisubiri kikao ndipo umlete mama. Kidonda cha kisukari hakina subira, wenye kukatwa miguu wengi walikuwa wanangoja nafasi ipatikane. Kamchukue wiki hii, na mumeo umweleze kwamba unakwenda, usimwombe. Akifunga mlango, panga chumba karibu na hospitali ukae na mama mpaka apone, watu waulize wenyewe mke wa Mayunga yuko wapi.

Nimeona wakwe wa aina hii. Mama akifia Kimali, Mayunga atakodi gari kubwa, atachinja ng'ombe, atalia kuliko wewe, na watu watasema mama huyu alipata mkwe. Usimpe nafasi hiyo. Kamlete mama yako angali anaweza kupanda gari kwa miguu yake.