Damu Uliyonitumia Ng'ambo

Mke wangu Somoe,

Sikuulizi hali. Najua ulipolala, udongo wake nimeushika kwa mikono yangu.

Nakumbuka ulivyokuwa ukinicheka kule kwetu Palma, kabla vita havijatutoa. Nilikuwa nikiona kuku anachinjwa nageuza uso, nawe unasema, "Mwanamume gani wewe, hata mchuzi utakushinda." Basi ndimi niliyepokea chupa ya damu yako ukingoni mwa Ruvuma.

Ulikuwa umejifungua msituni, mtoto hakuishi, na damu ikawa inakuishia. Muuguzi wa kambi yetu ya msituni akakutoa damu kidogo, ili hospitali ya ng'ambo, nilikokuwa nafanya kibarua, ipime ni ya kundi gani na kutupatia ya kukuongezea. Akaizungushia kitambaa kibichi, akamwagiza mama yako: iwe baridi, isitikisike. Mama ndiye aliyeibeba, kwa sababu askari wa Mreno hawakuwa na habari na bibi kizee.

Lakini kwenu mnaamini damu ya mtu aliye hai ikipoa, na mwenyewe anakwenda. Mama akakitupa kitambaa, akaificha chupa kifuani chini ya kanga, akatembea nayo juani mchana kutwa, penye risasi akikimbia. Akanikabidhi, akageuka kurudi kwako. "Bado ina joto, baba," aliniambia. Uso wake ulikuwa na furaha.

Mpimaji aliiinua penye mwanga. Yale maji ya juu, ambayo yangepaswa kuwa ya manjano, yalikuwa mekundu yote.

"Chembe zimepasuka kwa joto na mtikisiko," alisema. "Hii haisomeki. Kalete nyingine."

Nilivuka na chupa tupu. Nikakuta wanakuchimbia.

Mama sikumwambia. Nimechoka, Somoe. Dua zimeniishia, na wanaoniambia nisubiri nawasikia kama wanasema na mtu mwingine. Nakula kwa sababu mama ananipakulia, basi.

Leo binti wa jirani yetu hapa kambini anavuja damu tangu alfajiri, na mama ameombwa aibebe chupa yake, kwa kuwa njia anaijua. Ameshajifunga kanga. Nikinyamaza, anakufa mtoto wa watu. Nikisema, mama atajua kilichokuua wewe.

Ananiita nimsindikize mpaka njiani. Nakwenda kumwambia, mke wangu, na sijui kama baada ya hapo nitakuwa na mama.

Lala. Mimi silali.

Mumeo