Kisigino cha Gita la Wakfu

Jumapili, 15 Septemba 2024

Gita limefika! Fundi Gideon wa Soweto, Mbeya, kaliunda kwa vipimo vya mkono wangu. Jekundu, mninga mtupu. Liko hapa Iringa tangu Alhamisi, na tangu Alhamisi nimeomba nilipige kidogo. Kidogo tu! Mjomba Silvester – mzee wa kanisa, mtoaji wa mbao – akasema haliguswi mpaka liwekwe wakfu. Likakaa sebuleni kwake, Mlandege, limefunikwa kitambaa cha meza.

Leo mchungaji kaliombea, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikalichomeka kwenye amplifaya kwa mara ya kwanza mbele ya usharika mzima. Mpango mzuri sana. Nani ana haja ya kujaribu viatu kabla ya harusi?

Kila noti inanguruma kama nzi ndani ya kopo. Na kule juu, kwenye noti nyembamba, mkono unagonga gogo. Gogo lenyewe linaitwa kisigino, pale shingo ya gita inapoungana na mwili. Hiki ni cha tembo. Nyuma yake pamechomwa kwa chuma cha moto: ZAWADI YA MZEE SILVESTER. Solo ikafia njiani. Waumini wakapiga makofi, wakidhani imeisha. Mungu awabariki.

Jumatatu, 16 Septemba 2024

Nimempigia Gideon. Eti shingo imejikunja kwa nyuma: iliundwa kwenye mvua za Mbeya, imekutana na upepo mkavu wa Iringa, imeshtuka. Pole yake. Nyuzi zinagusa vile vichuma vya shingoni, ndiyo maana zinanguruma.

“Kuna chuma ndani ya shingo, dada Frida. Chukua ile spana ya pembe niliyokuwekea, legeza robo. Robo! Siyo bolti ya trekta hiyo.”

Nimelegeza robo, macho nimefumba. Sauti imetakata! Kisigino, kwa bahati mbaya, hakina cha kulegeza.

Jumatano, 18 Septemba 2024

Mazoezi ya kwaya. Obeid wa kinanda, kwa moyo wake wa huruma, kajitolea kupiga solo yangu. Kinanda chake kina kitufe cha sauti ya gita, na anasema inafanana kabisa. Kama soda na rangi ya soda. Mwalimu Paskalina hakumkatalia. Kasema tamasha ni tarehe sita Oktoba, kwaya za wageni zinakuja, nikishindwa basi Obeid apige.

Ni wimbo wangu. Wa kwanza niliotunga mimi ukakubaliwa. Pale juu ndipo wimbo wote unapokwenda. Nikipafikia kichwani tu machozi yananilenga. Nikimwachia Obeid na kitufe chake, nitaumwa kweli.

Jumamosi, 21 Septemba 2024

Nimelibeba gita hadi Mbeya. Baridi ya Soweto haina adabu. Gideon kanionyesha mchoro wake wa mwanzo: kisigino chembamba, kimeviringwa vizuri, mkono unapita. Nikauliza kilichotokea.

“Mzee wako alinipigia simu. Anataka jina lake likae nyuma, herufi kubwa. Nikamwambia nafasi hakuna. Akasema, ongeza mti.”

Aongeze mti! Kwa hiyo noti zangu zote za juu zimekaliwa na mjomba.

Gideon kachora mstari wa penseli mahali pa kukata. Umepita katikati ya SILVESTER. Nikamwambia kata. Akarudisha tupa kwenye droo.

“Kitu kilichoombewa madhabahuni? Mimi nina watoto, dada. Mwenye jina aniite mwenyewe.”

Nimerudi na gita, penseli na mafua.

Ijumaa, 4 Oktoba 2024

Karibu wiki mbili nimejaribu kuizoesha mikono. Nimekunja kiwiko, nimegeuza kifundo, nimepiga nimesimama kwenye stuli. Mjomba haguswi wala haambiwi. Naogopa! Ndiye aliyenisomesha. Nitamwambiaje jina lako linanizuia?

Leo nimekwenda. Nikakaa kwenye zulia, nikampigia wimbo mzima bila kusema neno. Pale juu mkono ukagonga, noti ikakatika. Nikarudia. Ikakatika. Mara ya tatu akanyanyua mkono.

“Ni mimi hapo?”

“Ndiyo, mjomba.”

Akaomba simu. Akamwita Gideon, akamwambia apande basi kesho. Halafu kwangu, kwa ukali: “Ile mbao niliitoa Idodi mwenyewe, begani. Usidhani ni ya dukani.”

Jumapili, 6 Oktoba 2024

Naandika sakristia, chumba cha mchungaji; penseli ni ya Gideon. Bado nusu saa ibada ya tamasha ianze. Kwaya za wageni zimejaa uani. Obeid anajaribu kitufe, tunamsikia sote.

Mjomba kasema gita likatwe hapa hapa kanisani, na shingo aishike yeye. Basi ameketi na suti yake ya kaki, gita mapajani, vumbi jekundu la mninga linamwangukia magotini. Gideon alinong'ona sala fupi kabla ya kugusa tupa.

R imekwenda. E. T ikachukua muda. Ilipoondoka S mjomba akasema, “Hapo! Hapo panatosha.” Imebaki ZAWADI YA MZEE SILVE. Akalisoma kwa sauti, kama jina la mtu asiyemfahamu. Akanipa gita.

Nimejaribu. Mkono unapita! Noti zote zinalia, safi – isipokuwa ile ya mwisho. Ile ya kilele. Bado gogo la unene wa kidole linaizuia: herufi E.

Gideon anaangalia dirishani. Mjomba ananitazama mimi.

“Imetosha, Frida?”

Kengele ya kwanza inalia. Tupa iko mezani, katikati yetu.