Faili la Mkwe Asiyetajwa

Jumatano, jioni. Joto la leo halisemeki, na mgongo unaniuma kwa kuinama makabatini.

Nimechoka na masjala. Kuna mafaili tangu enzi za wakoloni, na haya mapya ya mradi wa miwa wa Makurunge yamerundikwa juu yake. Hakuna anayekuja na jina kamili. Huyu analeta la utani, yule la mwanawe wa kwanza, nami kazi yangu kukisia: jina linalokaribia, kitongoji, shamba limepakana na nini.

Leo amekuja mama mmoja, mjane, kudai shamba la baba mkwe wake lisichukuliwe na mradi. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya madai. Mzee mwenyewe yu hai ila hawezi tena kutembea, na mama huyu ndiye anayemuuguza.

Nikamwuliza jina la mzee. Akainama.

"Mwanangu, yule ni mkwe wangu. Simtaji."

Hata kwetu jina la mkwe halitajwi, sikubishana naye. Akanipa njia: jina ni la mwezi mtukufu, na shamba liko jirani na kisima. Basi nikashusha mafaili ya akina Ramadhani wote, nasoma, naye anatikisa kichwa. Jasho jembamba. Walipokwisha nikaanza kupekua majina ya kufanana fanana. Chini kabisa nikakuta "Rama Kitwana, Kisimani". Nilipolisoma, mama akajifunika uso kwa kanga. Nikajua ndilo.

Nilifurahi jamani. Nikampeleka mwenyewe kwa afisa wa madai.

Afisa ni kijana, mgeni huku. Akasema mdai lazima amtaje mwenye shamba kwa mdomo wake. Nikamtajia mimi.

"Sikukuuliza wewe," akaniambia.

Nikarudi nyuma. Hilo linaniudhi mpaka sasa.

Mama alisimama ameshika pindo la kanga. Kisha akalitaja, jina zima, kwa sauti ya chini.

Muhuri ukagongwa. Shamba limepona.

Nje nikampa hongera, hakuipokea.

"Uji wake wa jioni huwa nampelekea mimi," aliniambia. "Leo nitaingia kwake na uso gani?"

Sasa Magharibi imeshaadhiniwa, chakula changu kinapoa hapa mbele yangu, nami nawaza kama yule mzee ameletewa uji wake.