Barua Zilizojipanga Zenyewe

Jumatatu, 3 Februari

Kazi mpya juu ya kazi ya zamani. Bosi wa utawala ameniita asubuhi, akafunga mlango, nikadhani nimefukuzwa. Kumbe ni mambo ya barua pepe! Hospitali inapokea majibu ya vipimo kutoka maabara kubwa, sitini na kitu kwa siku, na anataka yajipange yenyewe kule kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, kila mgonjwa na folda yake. Wewe si ulikwenda kozi? akasema. Kozi yenyewe siku tatu, na siku ya tatu umeme ulikatika.

Mpaka leo kazi hiyo ni ya Mzee Faili, karani wa masjala tangu mimi niko shule ya msingi. Nimekaa naye na daftari anitajie hatua zake. Nafungua barua, akasema. Nachapa. Natoboa matundu mawili. Natia kwenye jalada la mgonjwa. Basi? Basi. Nimeandika hatua nne, akanimiminia chai ya chupa yake.

Jumatano, 5 Februari

Nimeomba ruhusa ya nusu siku nimsindikize dada. Ana uvimbe titi la kushoto, mdogo kama punje ya hindi, na amekaa nao miezi bila kumwambia mtu. Nimemgombeza njia nzima. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia, akanijibu nisimletee methali kabla hajanywa chai.

Hospitali hii hii yangu. Daktari wa upasuaji amemkata kinyama kidogo cha kupelekwa maabara. Dada katoka chumbani anacheka, eti amewaambia wauguzi wakimaliza wamrudishie nyama yake. Majibu baada ya wiki mbili, daktari amesema. Tutakupigia simu uje.

Njiani nimemweleza mtambo ninaoutengeneza. Hilo wingu lenu litanyesha lini? akauliza. Tangu mama afariki yeye ndiye mama yangu, amenilea kwa kusuka vichwa vya watu. Nampenda na ananiudhi. Naogopa.

Jumatano, 12 Februari

Inafanya kazi! Barua ikiingia, mtambo unaona namba ya mgonjwa, unachomoa kiambatisho, unakipa jina, unakiweka kwenye folda yake, kisha barua inawekwa alama kwamba imesomwa. Sekunde nne. Pembeni inatokea rangi ya kijani: Imefanikiwa. Nimekaa nusu saa nzima naziangalia zikijipanga.

Mzee Faili kahamishiwa dirisha la kadi. Amebeba kitoboa karatasi chake. Nilimwambia huko hakina kazi, akasema najua.

Ijumaa, 21 Februari

Sufuri! Hakuna hata barua moja inayosubiri. Bosi kanisifu mbele ya watu, kanunua soda ofisi nzima. Nimejisikia mtu.

Dada kapiga jioni. Hawajamwita bado. Nimemwambia maabara wale wachelewaji, avute subira.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda kwa dada. Mkono wa kushoto unamchosha, anasuka mistari miwili anapumzika. Mtu wa vichwa vitano kwa siku! Nimeuliza majibu. Kimya ni heri, akasema, ingekuwa ubaya wangekwisha kupiga. Nikakubali upesi mno.

Jikoni nikaikumbuka methali ile nyingine, kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimeosha vyombo kwa nguvu mpaka akauliza sufuria zimenikosea nini.

Alhamisi, 13 Machi

Kanuni ya hospitali: hakuna kufungua faili la ndugu yako. Nimefungua la dada.

Majibu yalifika Jumanne, 18 Februari, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Jina sahihi. Namba sahihi. Folda sahihi. Imefanikiwa, kwa kijani. Na hakuna mtu aliyewahi kuyafungua mpaka mimi, leo.

Ni saratani. Mstari wa mwisho: mgonjwa aonwe na daktari haraka.

Siku ishirini na tatu. Yalikuwa yamekaa mle siku tatu wakati mimi nakunywa soda! Nilikwenda chooni nikaketi, sikulia. Nikanawa uso, nikarudi mezani, na hapo mbele ya kompyuta ndipo nilipolia. Bosi akadhani macho yangu yamechoka na mwanga.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi nimekwenda dirisha la kadi kabla foleni haijajaa. Nikamwuliza Mzee Faili: zamani wagonjwa wenye majibu mabaya waliitwaje? Akasema, nikichapa nilikuwa naangalia mistari ya chini. Nikiona neno baya natoka na karatasi mkononi mpaka mlangoni kwa daktari, nasimama hapo hapo mpaka aniangalie. Yeye ndiye anamwambia muuguzi apige simu.

Mbona hukunitajia? nikamwuliza. Akashangaa kweli, kalamu hewani. Hiyo si kazi, mwanangu, akasema. Hiyo ni kusoma tu.

Simlaumu. Jamani, nitamlaumuje? Nilimwuliza hatua, akanipa hatua.

Nikaenda kwa daktari wa upasuaji, nikamweleza yote nimesimama. Kumbe yeye alikuwa akimsubiri Mzee Faili aje mlangoni na karatasi, kama zamani. Folda huifungua pale tu mgonjwa akishakaa mbele yake, na mgonjwa huja akiitwa, na wa kumwita hayupo. Wote tulikuwa tunasubiriana, na mtambo wangu unaandika Imefanikiwa. Hakunifokea. Ningependa angenifokea.

Tumepekua folda zote pamoja. Kuna wengine kumi na mmoja kama dada, na muuguzi ameanza kuwapigia. Wawili simu zao hazipatikani. Bosi amesema turekebishe, daktari awe anapata ujumbe majibu ya namna hiyo yakifika, na tusipige kelele nje. Nimerekebisha. Imechukua dakika ishirini. Dakika ishirini!

Daktari akauliza kama dada yangu apigiwe sasa. Nikamwomba aniachie, nimwambie mwenyewe, uso kwa uso. Mwisho kesho saa tisa alasiri, akasema. Ukiwa hujanijulisha umeshamwambia, muuguzi atampigia. Jumatatu asubuhi nataka awe hapa.

Jumamosi, 15 Machi

Niko kwa dada tangu saa nne. Nilikuja na maneno yangu nimeyapanga: kwanza majibu, pili kwamba yalifika zamani, tatu kwamba ni mimi. Hata sijaketi akanishika kichwa. Mama Kompyuta, kichwa hiki ni aibu ya ukoo mzima, kaa hapa nikusuke.

Nikakaa chini, katikati ya magoti yake. Nikafikiri heri hivi, simwoni uso. Nikafungua mdomo, akaanza kisa cha mteja aliyesinzia akisukwa mpaka akaanguka na kiti, nikacheka. Nilicheka kweli! Nikafungua tena, naye akawa anapumzisha ule mkono, kaulaza begani kwangu. Ulikuwa mzito na wa moto. Sikuweza.

Halafu akauliza mwenyewe, na mtambo wako unaendeleaje? Wateja wangu wote nimewaambia, akasema, pale hospitali majibu hayapotei tena, mdogo wangu ametengeneza. Akanigonga kichwa kwa kitana, taratibu, kama anavyofanya akijivuna nami. Nikasema unaendelea vizuri. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema.

Nywele za kuongezea zimekwisha, ametoka kununua fungu moja zaidi. Niko nusu kichwa, naandika juu ya goti. Akirudi nasema. Kabla hajaketi. Nisimpe nafasi ya kushika kitana. Nitasema dada, kaa kwanza, na nitamshika mikono yote miwili.

Saa tisa na dakika tatu. Nimeitazama saa sasa hivi tu! Nilipaswa kumjulisha daktari.

Simu ya dada inaita. Kaiacha juu ya kigoda. Namba ya hospitali, ile iliyo chini ya kila barua tunayoandika. Imekata.

Inaita tena.

Nikipokea nitamwambia muuguzi nini? Bado, ngojeni kidogo? Wamengoja siku ngapi hawa wagonjwa kwa sababu yangu?

Geti. Namsikia anaongea na jirani, anacheka kile kicheko chake cha kukohoa. Hatua zake uani. Simu inaita. Nani huyo king'ang'anizi? anauliza kutoka nje. Pokea basi mdogo wangu, mimi mikono imejaa!