Kura kumi na moja za Bibi Zeruka

Jumamosi, hapa mjini Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Tangu asubuhi mawingu yalikuwa juu ya rasi ya Ubwari, ng'ambo ya maji, hayajaamua kama yanavuka kuja huku au yanabaki kwao. Mimi niliamka na moyo unadunda, kwa sababu leo saa kumi jioni kura ilikuwa inafungwa.

Shajara, wewe unajua ni kura gani, lakini kuna wageni wanaopita hapa, acha nieleze.

Kuna hadithi ya mtandaoni, ya majoka na falme, ambayo mwandishi wake hatumjui. Kila Ijumaa anaweka sura moja, kisha ananyamaza. Sisi mashabiki tuko mia kadhaa katika kundi moja la simu, kuanzia Uvira na Kalemie hadi Kigoma na Bujumbura, na kazi yetu kubwa ni kugombana. Mfalme amekufa, mtoto wake bado ananyonya, na chini ya jumba kuna majoka manane yenye njaa. Nani akalie kiti mpaka mtoto akue? Ndivyo tulivyouliza mwezi huu. Tulianza na majina tisa, yakabaki mawili: Jemadari Kerozi, mwenye jicho moja na upanga mrefu, na Bibi Zeruka, mpishi wa jumba, mwanamke wa makamo anayelisha majoka kwa mkono wake.

Kura yetu haibadilishi chochote. Mwandishi hajawahi hata kutuonyesha kwamba anajua tupo. Lakini mimi ni mtu mzima wa miaka ishirini na nane, nashona nguo za watu, na wiki hii nimekata kola mbili vibaya kwa kumfikiria mpishi ambaye hayupo duniani.

Ni wa Zeruka mimi. Siwezi kusema sina upande.

Tatizo ni kwamba mimi pia ni mmoja wa wasimamizi watatu wa kura, pamoja na Kaka Elia wa Kalemie na Dada Rehema wa Kigoma. Na sheria kali kuliko zote niliiandika mimi mwenyewe, mwaka jana, kwa herufi kubwa: SIMU MOJA KURA MOJA, HAKUNA MJADALA. Watu walikuwa wanapiga kura kwa laini tatu tatu, nikakasirika sana mbele ya wote.

Acha niseme ukweli hapa. Mwaka jana na mimi nilipiga mbili. Ya pili niliipiga kwa simu ya kaka yangu alipokuwa anaoga. Nadhani hasira yote ile ilikuwa ni aibu.

Sasa sikia kilichotokea leo. Mama yangu anaanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, ufukweni pamoja na wanawake wengine kumi. Kila Jumamosi, samaki wakishatandazwa, inabaki kazi ya kuwageuza na kufukuza kuku, na hapo ndipo ninapowasomea sura ya jana. Simu zao ni zile ndogo za kupigia tu, hazifungui mtandao. Lakini hadithi wanaijua kuliko watu wengi wenye simu kubwa. Mama Hadija humkumbuka hadi mlinzi wa lango aliyetajwa mara moja.

Leo asubuhi, nilipomaliza kusoma, niliwauliza nani ni wa Zeruka. Mama akainua mkono kwanza. Yeye ndiye mkubwa wa pale, anayegawa hata nafasi za kuanikia. Mikono mingine ikafuata, yote kumi. Furaha iliyonipata siwezi kuieleza. Nikaangalia kura: Jemadari mia mbili na kumi na mbili, Zeruka mia mbili na tano. Pengo ni saba, na mimi nina wapiga kura kumi na mmoja mbele yangu, mikono yao ina magamba ya samaki. Nikaandika kwenye kundi bila kupumua: “Baraka tunaongeza kura kumi na moja za Bibi Zeruka.”

Haikupita dakika. Elia akanirudishia sheria yangu, na herufi zake kubwa zilezile.

Kundi zima lilinicheka. Nilijaribu kueleza kwamba ni watu kumi na mmoja wa kweli, wana majina, wana watoto, kila wiki wanasikiliza. Elia alijibu kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyoniuma, kwamba anaamini, ila wale wa laini tatu tatu mwaka jana nao walisema hivyohivyo, na ni mimi niliyewafukuza. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nilitaka kuifuta ile meseji na kwenda nyumbani. Lakini Mama Hadija alikuwa ameshaniuliza kama kura yake imefika. Sikuthubutu kumwambia kwamba imekwama kwenye sheria yangu mwenyewe, mimi mtoto wa Mama Neema. Nikasema rezo ya simu inasumbua, mtandao haushiki.

Aliyeniokoa ni Dada Rehema. Alituma sauti akisema kwamba kama hawa mama wanasikia hadithi kwa masikio, basi na wapige kura kwa midomo. Kila mmoja aseme jina lake, aseme anamtaka nani, na aseme kwa nini. Elia akaongeza sharti: kabla ya kura, kila mmoja ajibu swali moja la hadithi, ili asije mtu akabadilisha sauti mara kumi na moja. Nilijua anamsema nani. Nikakubali haraka kabla hawajabadilisha mawazo.

Basi ufukwe wetu ukawa chumba cha mtihani. Nilikuwa nimeshika simu juu nikitafuta rezo, Elia anauliza kutoka Kalemie, mama zetu wanajibu kutoka kwenye mchanga. Wa kwanza aliulizwa mtoto wa mfalme alifichwa wapi siku ya uasi. Alikuwa ni Mama Hadija, maskini Elia.

“Mu mutungi ya unga,” alisema. “Na Zeruka alitoboaka katundu pembeni ili mutoto apumue. Ile we haukuuliza, lakini nakuambia.”

Elia akatuma sauti ya kicheko tu. Kundi lilichangamka. Watu wa Bujumbura wakaanza kuomba mama zetu waulizwe maswali magumu zaidi. Kura ya Mama Hadija ikaingia kwa Zeruka, na tatu nyingine baada yake, na mimi nikawa narukaruka pale kama mtoto.

Halafu mawingu yakaamua. Matone ya kwanza yalianguka, na kura ikasimama, maana ndagala hazisubiri mtu. Tulizikusanya sote, mimi na simu yangu kwenye mfuko wa plastiki, tukabeba mabeseni hadi chini ya bati la kanisa. Ilinyesha kidogo tu. Huko chini ya bati tukaendelea, na huko ndiko mambo yalipobadilika.

Mama Riziki, aliyeinua mkono asubuhi mbele ya macho yangu, alisema anamtaka Jemadari. Kwa nini? Kwa sababu anakula baada ya askari wake kushiba. Nikamtazama. Akatazama beseni lake. Baadaye Mama Zabuloni naye akasema Jemadari, kwa sababu hata kwa jicho moja ni mwanaume mzuri, na wote wakacheka hadi kumwaga samaki.

Wengine wanne wakabaki na Zeruka. Nilihesabu mara tatu: Zeruka mia mbili kumi na tatu, Jemadari mia mbili kumi na nne. Kura moja tu imebaki. Ikienda kwa Zeruka wanalingana, na wakilingana anayeamua ni Dada Rehema, na Dada Rehema ni wa Zeruka tangu sura ya kwanza.

Na aliyebaki ni Mama yangu.

Nilikuwa nimemweka mwisho makusudi, kwa sababu kura yake niliiona iko mfukoni. Alijibu swali lake vizuri, idadi ya majoka na lile lenye ulemavu. Nikamsogezea simu mdomoni. Kundi zima lilikuwa linasubiri. Mama alifuta mikono kwenye kitenge, akasema jina lake lote, la baba yake na la babu yake.

“Mi nachagua Jemadari,” alisema. “Zeruka iko na kazi. Mukimukalisha ku kiti, nani atalisha yale majoka? Atakuwa anakaa tu, banamupepea, na nyumba yote inaungua. Mi namupenda, njo maana simupeleke kule.”

Nilibonyeza kutuma. Sijui ni vidole vya nani vilivyobonyeza.

Zeruka ameshindwa kwa kura mbili, na kilichonishangaza ni kwamba sikulia. Kundi lililipuka. Watu waliisikiliza sauti ya Mama tena na tena, wengine wakasema hata wao hawakuwahi kufikiri hivyo, kwamba sisi tuliompenda zaidi ndio tuliotaka kumwachisha kazi yake. Elia aliandika kwamba sheria yangu ife leo, na kura zijazo mtu anaweza kupiga kwa sauti. Mimi mwenyewe nimeifuta, herufi moja baada ya nyingine.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimwuliza Mama kwa nini asubuhi aliinua mkono. Hakuona hata kama ni swali.

“Ulikuwa unataka ashinde,” alisema. “Ule mukono nilikuinulia wewe. Kule ku simu baliniuliza miye.”

Akaendelea kutembea na beseni lake kichwani. Mimi nikabaki nyuma kidogo.

Mwaka jana, nilipomkataa mchumba mmoja aliyetoka kijiji cha Nundu, nilimwuliza Mama mbele ya shangazi zangu wote kama nimekosea. Aliinua mkono wake, nauona hadi leo, akasema mtoto wangu amefanya vizuri. Nimeishi na neno hilo mwaka mzima nikijua ni lake. Kesho, baada ya ibada, nitakaa naye peke yetu nimwulize yeye mwenyewe alionaje. Nina hofu, lakini shauku imezidi hofu, kwa sababu nina miaka ishirini na nane na leo ndiyo mara ya kwanza nimesikia anachokitaka Mama.